Springi za Baba

Patrol hii ilianza kurukaruka mwezi wa pili wa msiba.
Si kuruka kwa hasira; kuruka kwa mtoto aliyekatazwa:
tuta moja nje ya duka la mkate, pua juu, pua chini,
pua juu tena, na tena, mpaka nafika kwenye taa
kichwa changu bado kinaitikia jambo nisiloulizwa.

Nikaenda Sanaiya ya Ibra, jua la saa sita.
Fundi wa kwanza aliweka viganja viwili juu ya boneti,
akasukuma, akaachia, akahesabu kwa Kimalayalam.
Gari nzima hupanda mara moja ikatulia.
Yangu ilipanda, ikashuka, ikapanda, ikajifikiria, ikashuka.
"Shokapu, madam." Akanionesha jasho la mafuta
kwenye bomba la kushoto, vumbi limegandia kama ugoro.
Hakuwa mwongo. Nikalipa, zikafungwa mbili mpya.
Nikatoka getini nikijua nimepona.
Tuta la duka la mkate halikujua.

Wa pili alilaumu matairi: upepo umezidi.
Akaupunguza. Usukani ukawa mzito,
pua ikaendelea na ngoma yake.
Wa tatu alilala chini na mtaimbo,
akabanua bushi moja moja, akakuta moja imepasuka,
akaibadilisha, akaapa. Mafi mushkila.
Mushkila ilikuwepo,
imekaa kiti cha mbele, imejifunga mkanda.

Kaka yangu Yaarub, kwa simu kutoka Maskati: "Uza."
Kwake kila kitu ni uza.

Kisha Shaame, mtu wa Wete,
karakana yake nyuma ya wauza mabati.
Hakugusa boneti.
Alitoa futi mfukoni, akapima
toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi,
kulia, kushoto, akaenda nyuma, akarudi.
Akachuchumaa mbele ya gari kama anayemsikiliza mtoto
akidanganya.
"Bi Rayya, gari hii imeinua kidevu.
Vidole vitatu. Mbele palikuwa na nini?"

Nikasema hapakuwa na kitu.
Akatia kidole kwenye tundu la chasisi,
la pili, la tatu, la nne:
matundu ya bolti, kingo bado zinang'aa.

Ndipo nikakumbuka.
Bampa la chuma na winchi juu yake,
kilo mia na ushei, alivyovifunga baba miaka ile
ya kuvuta magari ya watu mchangani Bidiya,
bila malipo, akirudi alfajiri na mchanga masikioni.
Na springi nene aliagiza Dubai, ziubebe mzigo ule.
Yaarub aliuza bampa na winchi kabla eda ya mama haijaisha.
Springi hakuziona. Ziko ndani; nani angeziona?

"Basi ndizo hizo," Shaame akasema, akipangusa futi.
"Zinasukuma kitu kisichokuwepo.
Shokapu mpya zinazishika, haziziwezi.
Mtu aliyezoea gunia, mpe kikombe cha chai:
atakirusha darini."

Tukaagiza nyepesi. Wiki nzima nilienda kazini kwa miguu ya jirani.
Siku ya kuzifunga, hakukaza bolti za bushi gari ikiwa juu ya jeki.
"Ukaze inaning'inia, mpira ujipinde;
ukiishusha, unaishi umepindika."
Akaishusha. Akaitikisa. Akaiacha ikae kwa uzito wake,
ndipo akaingia chini na spana.

Kisha akaniita mimi nibonyeze.
Boneti ya moto, viganja vyangu, nguvu zangu zote.
Ilishuka. Ikapanda. Ikakaa.
Nikangoja ianze tena mchezo wake.
Ilikaa tu, kama gari la mtu mwingine,
nami sikujua nifurahi vipi.

"Hizi za zamani," akasema, "watu wa chuma chakavu hulipa kwa kilo."
Nikamwambia azipakie.
Akazilaza ndani ya buti, mbili, nyeusi,
nzito kuliko nilivyodhani.
Nyuma ikashuka kidogo.
Shaame akaiona, akatoa futi,
akairudisha mfukoni.